Milango Yote ya Unguja Isipokuwa Mmoja

Tangu nirudi, kila mwalimu anayenikuta kwenye veranda ya shule ananiuliza swali lile lile: "Kule kisiwani ulikuwa unakula wapi?" Wengine wanauliza kwa kutamani. Wengine wanauliza huku wanatazama kiuno changu, kwa kuwa sketi nilizoondoka nazo sasa zinanizunguka bila kunigusa. Tayari nimesikia yanayosemwa, kwamba Feza alifika kwa ndugu yake wa Unguja akanyimwa chakula. Huo ni uongo. Aliyekataa chakula ni mimi. Na kwa kuwa nawafundisha watoto kueleza jambo kuanzia mwanzo wake, nami nitaeleza kuanzia mwanzo wake. Habari za tiketi na karatasi siandiki. Mnazijua, na zinachosha kuliko safari yenyewe.

Kalemie: gunia la Mama

Mama yangu ana mdogo wake mmoja tu, Sifa. Kwetu huyo naye ni mama yangu, mama mdogo, nami namwita Mama Sifa. Aliolewa na mchuuzi wa Ujiji, akaingia dini ya mumewe, wakahamia Unguja kabla mimi sijajua kusoma. Nyanya yangu, mama yao, alipofariki, habari ilipelekwa Unguja na ikafika. Sifa hakuja. Hakuja mazishini, hakuja kumaliza matanga, hakuja kabisa. Sasa ni miaka tisa.

Kwa wale kati yenu mliokuja Kalemie kwa sababu ya kazi tu, nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu watu wakikosana hawatukanani sokoni. Wanaacha kula mmoja kwa mwingine. Unaweza kumsalimia, kumuuguza, hata kulala kwake, lakini chakula chake hakipiti kooni mwako. Siku mtakapokula sahani moja, ugomvi umekwisha, na hakuna atakayeuliza tena nani alikosa. Na kaburi la mzazi haliwekwi msalaba wa saruji mpaka watoto wake wote wale chakula kimoja siku hiyo. Kwa hiyo Nyanya amelala miaka tisa chini ya kijiti kilichokwisha kuliwa na mchwa, kwa sababu Mama hataki kula na Sifa.

Mwaka huu Mama alianza kuumwa miguu. Akaniita.

"Uende umuangalie kwa macho yako," aliniambia. "Uone kama angali mutu wetu. Urudi unielezee vile uliona, usiongeze, usipunguze. Lakini chakula yake usikule."

"Mama, ni siku nyingi. Nitalala kwake na sitakula?"

"Kulala haiko kukula. Unga huu hapa. Utajipikia."

Akanifungia gunia dogo la unga wa muhogo wa kupikia bukari, ugali wetu, mkebe wa ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwa letu, na chupa ya mafuta ya mawese. Wakati wa kukagua mizigo bandarini, askari aliingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

"Sitwayeni, mwananchi, unaenda kufungua restora ya chakula?"

"Naenda kula tu, papa."

"Na kule hakuna chakula?"

"Kiko. Nimekatazwa."

Akanitazama kama mgonjwa, akaniacha nipite.

Boti ilikosa mafuta. Tulikaa bandarini siku mbili, na siku zote mbili, jua likiwa utosini, Mama alikuja polepole na fimbo yake, sahani imefungwa kitambaa, na onyo lile lile. Siku ya tatu tuliondoka. Nilimwona amesimama kwenye gati, ananionyesha mdomo kwa kidole, kisha anakitikisa kidole hicho. Abiria mwenzangu akauliza kama mama yule ni bubu. Nikamwambia laiti angekuwa.

Kigoma hadi Dar es Salaam: treni iliyokaa

Kutoka Kigoma treni inakwenda kama mtu aliyetoka kula, na kila kituo kina chakula chake. Uvinza nilinunua chumvi kwenye koni ya gazeti, kwa sababu chumvi yao ina sifa hata kwetu. Tabora watu walinunua asali dirishani, nusu ikamwagikia mikono.

Aliyekaa mbele yangu alikuwa fundi cherehani wa Dar es Salaam, mwanamume mwembamba mwenye miwani, anayesafiri na sahani yake ya bati. Karibu naye alikaa Mama Asha wa Ujiji, aliyekuwa anampelekea binti yake sufuria kubwa ya harusi. Fundi alianza kunusa kabla hatujafika mbali.

"Dada, samahani," akasema, "kuna kitu kimekufa kwenye gunia lako."

"Ni unga wa muhogo. Unalowekwa kwanza, ndiyo unanuka."

"Pole. Alikuwa ndugu wa karibu?"

Behewa zima likacheka. Nikamwambia afungue dirisha lake na afunge mdomo wake, na tukaendelea.

Baada ya Tabora treni ilisimama kwenye kituo chenye nyumba tatu. Maji yalikuwa yamekula tuta la reli huko mbele. Siku ya kwanza wanakijiji walileta mayai, mahindi ya kuchemsha, kuku mmoja aliyegombaniwa na watu kumi na wawili. Siku ya pili hawakuleta kitu, kwa sababu tulikuwa tumemaliza. Mchana fundi wa cherehani alikuja akasimama mbele yangu na sahani yake.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "yule marehemu wako bado yupo?"

Nilikuwa najua vizuri unga ule ni wa kazi gani. Lakini nilitazama behewa, nikamwambia Mama Asha atoe sufuria ya harusi. Tulipika kando ya reli. Bukari likatoka jeupe, zito, na mvuke wake ukawaamsha hata waliokuwa wanajifanya wamelala. Fundi alikula mara tatu, akasema huko kwao ugali huu huitwa chakula cha njaa.

"Na wewe una nini sasa?" nikamuuliza.

"Njaa," akasema, akasogeza sahani.

Treni ilipoondoka nilikuwa nimebaki na konzi mbili za unga, nikazifunga fundo pembeni mwa gunia. Ndagala na mawese sikuvigusa. Mkisema nilitapanya ulinzi wa Mama, nitawajibu nilivyojijibu mwenyewe usiku ule: kama alitaka unga ufike mzima, angeupeleka yeye.

Unguja: nyumba ya kwanza nilikosea

Meli ya asubuhi ilinishusha Unguja saa za mchana, na mimi na njaa. Mji wenyewe ni vichochoro vinavyopindapinda, nyumba zimeinamiana, na katika kila kona unasikia watu wa aina nyingine: Washihiri wa Uarabuni, Wahindi, Wangazija, Wamakunduchi wa shamba, na wajukuu wa watu wetu waliovuka ziwa zamani na sasa wanaitwa Wamanyema hata kama hawajui ziwa liko upande gani.

Nilipita mlango uliokuwa wazi. Ndani, wanawake watatu walikuwa wamekaa mkekani wakizunguka sinia la wali.

"Karibu!" akasema mkubwa wao.

Mnajua kwetu. Ukiitwa kula ukapita, umesema bila kufungua kinywa kwamba unaogopa sumu, au una ugomvi na nyumba hiyo. Mimi ugomvi nilikuwa nao mmoja, sikutaka wa pili. Nikavua viatu, nikatua gunia, nikanawa mikono, nikakaa.

Wakanitazama. Kisha mkubwa wao, Bi Riziki, akasogea, akanipa nafasi. Wali ulikuwa umepikwa kwa nazi, kila punje imesimama peke yake, na samaki wake anaitwa changu. Nilikula kama mtu wa nyumba. Tulipomaliza nilishukuru, nikauliza: "Mama zangu, naomba mnionyeshe kwa Bi Sifa, mjane wa yule mchuuzi wa Ujiji."

Wakatazamana.

"Bi Sifa? Nyumba ya tatu hapo," akasema Bi Riziki. "Kwani wewe nani wake?"

"Mtoto wa dada yake. Natoka Zaire."

"Na umekuja kula kwangu kwanza?"

"Si uliniita?"

Wale wawili wengine walilaliana kwa kicheko. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba pale "karibu" ya mtu anayekula ni salamu. Unajibu "ahsante" na miguu inaendelea. Hakuna mtu mzima anayeingia. Bi Riziki hakucheka. Alikuwa tayari anajifunga kanga ili awahi kutoka na kuifikisha habari kabla yangu.

Mama Sifa alinifungulia mlango kabla sijabisha. Ni mfupi kuliko Mama, lakini ana paji lile lile la uso, na anasimama vile vile, mkono mmoja kiunoni kama anayesubiri kudanganywa. Alinikumbatia muda mrefu. Alilia kidogo. Kisha akanipeleka kwenye mkeka ambapo sahani ilikuwa imefunikwa kwa kawa, kile kifuniko chao cha ukindu kinachofanana na kofia yenye ncha.

"Kula kwanza, mwanangu. Habari baadaye."

"Ahsante, Mama mdogo. Nimeshiba."

Alinitazama, kisha akatazama ukuta wa upande wa Bi Riziki. Akarudisha kawa mahali pake.

Unguja: mahali nilipokula

Sasa nawajibu mlichouliza.

Asubuhi, nendeni kwa Bwana Awadhi, Mshihiri mwenye mgahawa kwenye njia ya kwenda sokoni Darajani. Maharage ya nazi, mkate wa moto, chai ya tangawizi inayochoma mpaka masikioni. Wanaokaa pale ni wanaume tu. Nilipoingia vikombe vilisimama hewani.

"Mama," akasema Bwana Awadhi kwa heshima, "wanawake hununua wakapeleka nyumbani."

"Nyumbani ni Kalemie, Bwana. Chai itapoa."

Mzee mmoja akacheka, akanipa upande wa benchi. Asubuhi ya pili nilikuta nafasi yangu imeachwa wazi.

Mchana, tafuteni dirisha la Bi Kanta, mama wa Kihindi anayeuza urojo. Ni mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe bichi. Ndani yake anatia viazi, bajia, kachori, na juu ananyunyiza muhogo uliokatwa mwembamba kama karatasi na kukaangwa. Nilipoutambua muhogo wetu nilicheka peke yangu barabarani. Umefika pwani, umevaa nguo za harusi, unajifanya hatujuani.

Alasiri, pweza. Anauzwa na Haji, mtu wa Makunduchi, kwenye meza ndogo nje ya soko. Sikuwahi kumwona mnyama yule. Haji alinikatia kipande cha mkono, akatia ndimu na pilipili.

"Tafuna, usimfikirie," akaniambia.

Nilimtafuna bila kumfikiria. Ni mtamu. Semeni mnachotaka.

Kila niliporudi nyumbani, sahani ilikuwa chini ya kawa. Siku ya kwanza ilikuwa, kwa bahati tu, wali na changu, kama kwa Bi Riziki. Siku ya pili, maharage ya nazi na mkate. Siku ya tatu nilifunua nikakuta urojo, na juu yake muhogo uliokaangwa mwembamba zaidi kuliko wa Bi Kanta. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama Sifa alikuwa anauliza mji mzima nimekula nini, kisha anakipika yeye. Nilifunika tena.

"Nimeshiba, Mama mdogo."

"Alhamdulillahi," akasema, akaenda kumpa jirani.

Asubuhi ya nne nilikaa mahali pangu kwa Bwana Awadhi. Chai haikuja.

"Chai ipo," akasema. "Maharage yapo. Wewe hupati."

"Kwa nini? Mimi ni mteja."

"Wewe ni mgeni wa Bi Sifa. Jirani yangu huyu miaka mingi. Mgeni wake akila kwangu, mji unasema Bi Sifa hana jiko. Mimi sitakuwa mtu wa kumvunjia heshima."

"Kwani amekutuma?"

"Hajasema neno. Ndiyo maana."

Nikaenda kwa Bi Kanta. Aliponiona alivuta ubao wa dirisha mpaka ukabaki ufa wa jicho moja. "Njoo naye," jicho likasema. "Mkija wawili nafungua."

Nikaenda kwa Haji. Haji alikuwa anafuta meza.

"Pweza ameisha?"

"Yupo. Wako yuko kwa Bi Sifa, kaja alfajiri kununua."

Basi nikawa mtu wa kushindana na mji. Kwa siku mbili nilikula ndizi, machungwa na madafu, kwa wauzaji wa shamba wasiojua mimi ni wa nani. Nilikaa juu ya ukuta wa bahari nikimenya chungwa, nikijiambia kwamba mtoto wa Mama hashindwi na mabakuli. Tumbo liliniambia mengine. Nikipita kwa Bi Riziki, alikuwa anainua sauti makusudi.

"Mzaire! Karibu!"

"Ahsante!" nikajibu, miguu ikiendelea.

"Heee! Kajifunza!" wakapiga makofi ndani.

Unguja: jikoni

Siku ya sita, baada ya sala ya alasiri, Mama Sifa alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaacha nazi bila kuikuna. Tangu nifike alikuwa ananisemesha kwa Kiswahili cha Unguja. Siku hiyo alisema kama mtu wa Kalemie.

"Yaya njo alikukataza."

Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, na njo ndiyo "ndiye" yetu. Nikasema, "Ni yeye."

"Ulifikiri nilisahau? Siku ya kwanza ulisema umeshiba, nilijua. Niliweka sahani kila siku ili niweze kumwambia Mungu kama niliweka." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Ataka kujua sababu gani sikukuja."

"Alisema niangalie. Hakusema niulize."

"Basi niulize wewe."

Nikamuuliza.

Nilitegemea ugonjwa, au mpaka uliofungwa, au barua iliyochelewa. Ningeweza kubeba jambo kama hilo hadi kwa Mama. Alisema: "Mume wangu alisema usiende. Nikatii. Mizigo ilikuwa imefungwa. Nikaifungua, nikapika chakula cha mchana. Njo ile tu. Yeye amekufa, simsemi. Kosa haikuwa yake. Mimi njo nilitii."

Kisha akaniangalia mimi, nikiwa nimekaa pale nimekonda, nina maganda ya machungwa kwenye mfuko.

"Na wewe pia ni mutoto muzuri," akasema. "Unatii sana."

Neno lile liliniuma kuliko siku mbili za njaa. Nilitoka nje. Nilizunguka soko lote nimekasirika, na katika hasira ile nikaanza kuichambua amri ya Mama kama ninavyochambua insha ya mwanafunzi, sentensi kwa sentensi. Chakula yake usikule. Hakuna zaidi. Mama alikuwa ameufunga mlango mmoja, na mimi kwa siku sita nimekuwa nikifunga hata ile ambayo hakuigusa.

Nikanunua mkaa, tomati mbili na kitunguu. Nikarudi.

"Mama mdogo, nipishe jikoni."

Nilifungua fundo la gunia, zile konzi mbili za unga. Nikatoa ndagala na mawese. Mama Sifa alipoona mkebe alisimama, akaushika, akaufungua kidogo na kuingiza pua.

"Nikupe chumvi?"

"Ninayo. Ya Uvinza."

"Mkaa uko pale."

"Huu hapa wa kwangu."

"Maji je?"

"Ni ya mvua. Hayana mwenyewe."

"Na sufuria, mbishi wewe?"

"Sufuria hailiwi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike, na kicheko chake ni cha Mama kabisa, kinachoanzia puani. Nikakaanga ndagala kwa mawese mpaka wakakauka na kulia wakiguswa. Nusu nikawatia kwenye tomati, nusu nikawaacha vile vile. Nikasonga bukari, dogo, la kutosha watu wawili wasioshiba. Nikaweka yote kwenye sahani moja, nikaiweka mbele yake.

"Mama alinikataza kula chako," nikamwambia. "Hakunikataza kukupa chake. Unga huu ulitoka mkononi mwake. Ukiukubali, umekula kwake. Usipokubali, nitarudi nimwambie hivyo pia, bila kuongeza, bila kupunguza."

Hakunyoosha mkono mara moja. Msifikiri ni jambo dogo. Mwenye kosa akila chakula cha aliyekosewa, amekiri, na hakuna tena maneno ya kujitetea. Alikuwa na miaka tisa ya maneno hayo. Nilimwona anayatafuta usoni mwangu, kama kuna moja ningeweza kulipokea. Kisha akanawa.

Alimega, akachovya, akala. Nikamega upande wangu. Kila ndagala mkavu aliyemchukua, alimkata kichwa kwa kidole gumba na kukiweka pembeni ya sahani, kimoja baada ya kingine, kwa mstari.

"Vichwa hivyo?" nikauliza.

"Vya yaya. Tangu tuko batoto. Mimi naogopa macho, yeye njo anakula vichwa. Mama alikuwa anatupatia sahani moja, hatukugombana hata siku moja."

Tulipomaliza alivianika vile vichwa juu ya paa siku mbili, akavifunga ndani ya gazeti, kisha ndani ya kipande cha kanga yake, akanipa.

"Sasa," akasema, "mdomo wako umefunguka kwa chakula yangu?"

"Bado. Mama mwenyewe ndiye wa kuufungua."

"Kweli wewe mutoto wa yaya."

Kesho yake asubuhi nilipita kwa Bwana Awadhi bila tumaini. Chai ikaja bila kuombwa. Bi Sifa alikuwa amepita kila mahali, mgahawani, dirishani, kwenye meza ya pweza, akawaambia: mwacheni ale anapotaka, huyu yuko kazini. Siku zangu tatu zilizobaki nilikula Unguja yote, nikawa naaga kila mmoja. Bi Kanta alinijazia bakuli mpaka likamwagika. Bi Riziki alisimama mlangoni akasema karibu kwa sauti nyingine kabisa. Nikaingia, nikavua viatu.

Kalemie: sahani moja

Mama alikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, miguu ameinyoosha juani. Hakunisalimia kwanza.

"Ulikula chakula yake?"

"Hapana, Mama."

"Hata chai?"

"Hata chai."

"Sasa mbona umekonda hivi?"

"Njo sababu."

Nikamweleza, nilivyotumwa, bila kuongeza na bila kupunguza. Nilipofika kwenye mizigo iliyofungwa na kufunguliwa, na chakula cha mchana kilichopikwa, alifumba macho. Nilifikiri amekasirika. Nilipofika kwenye unga uliobaki na ile sahani, aliyafumbua.

"Nani alikutuma kumupa unga yangu?"

"Hakuna mtu. Mimi mwenyewe."

"Akaikula?"

Nikaweka mbele yake kile kipande cha kanga. Alifungua fundo kwa shida, vidole vyake havikunjiki tena vizuri. Gazeti likafunguka. Vichwa vya ndagala vilikuwa vimekauka, vyekundu kwa mawese, macho yote yapo.

Mama alivitazama muda mrefu sana.

"Angali anaogopa macho," akasema.

Akachukua kimoja, akakitafuna. Nikasikia kinavunjika. Akachukua cha pili. Sikumwambia maana ya anachokifanya. Ni yeye aliyenifundisha maana hiyo. Alikula mpaka gazeti likabaki na mafuta peke yake.

"Chumvi mingi," akasema.

"Ya Uvinza."

"Andika barua. Umwambie saruji tutaitafuta mvua ikipita. Aje." Akakunja kile kipande cha kanga, akakiweka chini ya paja lake. "Na umwambie ile siku, ndagala, nitamutolea vichwa mimi mwenyewe."

Barua imeondoka na boti ya jana. Kwa hiyo msinihurumie tena pale verandani, na anayetangaza kwamba nilinyimwa chakula, aje kwanza tungoje naye mvua ipite, atuone siku ya saruji kwenye kaburi la Nyanya. Sketi zangu sizipunguzi. Siku ya msalaba Mama Sifa atapika, na siku hiyo nitakula kila sahani itakayotoka mkononi mwake, nikianza na zile sita alizozifunika.